Papa Hana Habari Nasi

Ukimsikiliza mtu anayemtetea papa utazisikia hoja tatu, na mara nyingi kwa mpangilio huu huu. Ya kwanza: papa si mbaya kama mnavyodhani, hana madhara. Ya pili: papa ni mali, akiwa hai baharini analeta fedha nyingi kuliko akiwa kwenye sufuria. Ya tatu: papa ni mzuri, ukimwona kwa macho yako utampenda. Mimi hoja hizi nimezitamka kwa mdomo wangu, nikizitoa kwenye Kiingereza na kuzitia kwenye Kiswahili, mbele ya wavuvi wa Mafia, kwa muda wa wiki tano. Na kadiri nilivyozidi kuzitamka ndivyo nilivyozidi kujiuliza: hivi hapa anatetewa papa, au tunajitetea sisi?

Nieleze kwanza nilifikaje huko, maana kijana wa Magomeni kubeba mtungi wa hewa mgongoni si jambo la kila siku. Kulikuwa na kundi la vijana kutoka Ulaya waliokuja kujitolea katika kazi ya kuhifadhi bahari. Walihitaji mkalimani, mimi nilihitaji kazi. Fedha za mshahara hazikuwepo, lakini kulikuwa na kitanda, chakula, na ahadi kwamba nitafundishwa kupiga mbizi pamoja nao. Wenzangu walikuwa wamelipa ili wawepo pale, na walilipa fedha ambazo nyumbani kwetu zingelipa kodi ya vyumba viwili kwa miaka. Ndiyo, msomaji, walilipa ili wajitolee. Nililicheka jambo hilo siku mbili tatu za mwanzo, halafu kicheko kikaisha, kwa sababu walikuwa wanaamka saa kumi na moja alfajiri kuliko sisi sote, na wakiungua jua hawalalamiki. Lakini neno lenyewe lilibaki linanikera. Kujitolea ni kutoa nafsi. Sasa ukishaitoa nafsi yako, na ukapewa pale pale picha, cheti cha uzamiaji na hadithi ya kusimulia maisha yako yote, hesabu inafungwaje?

Tuliache hilo kidogo tuteremke majini.

Kuogelea nilijifunzia Coco Beach, yaani nilijifunza kugombana na maji. Mkufunzi wetu, kijana wa kisiwani hapo hapo, alinitazama dakika moja tu akasema, "Kaka, maji hayapigwi. Yanaachiwa." Kanuni yake ya kwanza ilikuwa usizuie pumzi hata siku moja. Sababu yake ni ya kifizikia na haina huruma. Ukishuka mita 10 tu, mkandamizo juu ya mwili wako unakuwa mara mbili ya ule wa juu ya maji. Hewa unayoivuta kule chini imebanwa. Ukiifungia kifuani ukapanda nayo, inatanuka, na mapafu yako si puto. Kwa hiyo unapumua tu, polepole, muda wote, hata kama roho iko mdomoni. Mwenye hofu anavuta hewa kwa pupa, mtungi unaisha mapema, anapanda mapema. Hofu kule chini ina bei, na bei yake inasomeka kwenye saa ya mtungi.

Kuna mambo mengine unayaacha juu. Rangi nyekundu inakufa mapema. Ukijikata kidole kule chini damu unayoiona ina rangi ya kijani iliyofifia. Sauti inasafiri majini kwa kasi kama mara nne ya ile ya hewani, kwa hiyo unaisikia injini ya mashua lakini huwezi kujua inatokea upande gani. Hata mkono wako unabadilika maana: dole gumba juu, ambalo mjini ni "poa, mshikaji", kule chini maana yake "tupande juu". Nililitumia mara mbili kwa kusifia samaki nikashangaa mkufunzi ananishika begani tunaanza kupanda. Na ishara ya papa ni kiganja kilichosimamishwa juu ya kichwa, kama pezi.

Ishara hiyo niliingojea. Nikuambie ukweli, kundi zima lilikuwa linaingojea. Watu walikuja kupiga mbizi na papa, na siku zikapita tunaona changu, tunaona kasa, tunaona chewa mkubwa kama godoro la mtoto, papa hakuna. Siku ya tisa, kwenye mlango wa Kinasi ambako maji ya bahari kuu huingia Ghuba ya Chole yakijaa, mkufunzi akasimamisha kiganja kichwani.

Alikuwa mmoja, wa yale mapapa ya miambani yenye ncha nyeusi za mapezi, urefu wake labda kama wangu. Alikuja kutoka kwenye ukungu wa maji, akapita, akarudi kwenye ukungu wa maji. Sina kingine cha kusimulia. Nilikuwa nimejiandaa kwa hofu na nilikuwa nimejiandaa kwa mapenzi, maana vyote viwili nilikuwa nimeahidiwa. Nilichokuwa sikujiandaa nacho ni kutohesabika. Hakunijia, hakunikimbia. Mkia wake haukubadili mwendo. Miaka yote ya sinema, ndoto mbaya za utotoni, mijadala, mabango, na sasa safari na mitungi, vyote hivi mnyama huyu hana habari navyo. Nimetazamwa kwa dharau mjini, najua inavyouma. Hii haikuwa dharau. Mwenye dharau walau amekuona.

Juu ya mashua wenzangu walikuwa wanalia kwa furaha. Mmoja akaniambia alihisi kwamba papa alimtazama machoni na kumkubali. Sikubishana naye, nani anabishana na mtu anayelia? Lakini nadhani hapo ndipo kosa la hoja ya tatu lilipo, ile ya uzuri na mapenzi. Tunataka papa awe amesema kitu nasi.

Jioni moja ya wiki iliyofuata tukawa na mkutano na wavuvi, chini ya mwembe. Mtaalamu wetu alikuwa binti msomi wa viumbe vya baharini, mpole, mkweli, na Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu. Akaanza na hoja ya fedha. Akaeleza utafiti uliofanywa Palau, visiwa vya Pasifiki, uliotolewa mwaka 2010: papa mmoja wa miambani akiachwa hai anaiingizia nchi kwa utalii wa kupiga mbizi kama dola milioni 1.9 katika maisha yake, wakati papa huyo huyo akivuliwa na kuuzwa anatoa dola 108. Nilitafsiri. Nilipofika kwenye hiyo milioni, watu walicheka, si kwa ubaya, ila kama mtu anavyocheka akisikia bei ya nyumba ya Masaki.

Mzee mmoja, ambaye kila mtu pale alimwita Nahodha nami nitamwita hivyo hivyo, akanyoosha mkono.

"Hizo milioni, mwanangu, zinalala mfuko wa nani?"

Nikatafsiri. Binti akajibu bila kuzunguka: za hoteli, za wenye vyombo vya wapiga mbizi, kodi ya serikali, mishahara ya wafanyakazi.

Nahodha akatikisa kichwa taratibu, kama aliyeridhika kabisa. "Basi mwambie mwenye hoteli aache jarife."

Kwa wenzangu wa bara: jarife ni nyavu ya macho makubwa, hutandikwa usiku, na ndiyo inayonasa papa na taa. Hakuna mwenye hoteli mwenye jarife duniani. Mwembe mzima uliangua kicheko, na mimi nikiwa mkalimani nililazimika kukieleza kicheko kile kwa Kiingereza, kazi ambayo simtakii adui yangu.

Binti akahamia hoja ya pili, ambayo kwa mpangilio wake ni ya kwanza. Papa hana madhara. Duniani kote, alisema, wanaouawa na papa kwa mwaka ni watu watano au sita hivi kwa wastani, na sisi binadamu tunaua papa wapatao milioni 100 kila mwaka. Takwimu zote mbili ni za kweli, nimezihakikisha baadaye. Hiyo ya pili ni makadirio ya watafiti yaliyochapishwa mwaka 2013. Nahodha safari hii hakunyoosha mkono, aliutandaza. Kidole cha mwisho hakikuwepo, na cha jirani yake kilikuwa kifupi.

"Mwambie mgeni wako papa anauma. Asije akawadanganya watoto hawa. Huyu aliyenila mimi hakunifuata kwetu, mimi nilimtoa kwake nikampandisha chomboni, na bado yu hai. Angefanyaje? Anauma, lakini si kwamba ana ubaya."

Sentensi ile ya mwisho niliitafsiri mara tatu usiku ule, na bado sikuipatia Kiingereza chake. Anauma, lakini hana ubaya. Mtaalamu wetu alikuwa anasema hana ubaya *kwa sababu* haumi. Kati ya hizo mbili kuna bahari nzima.

Hebu tufuate hoja ya "hana madhara" mpaka mwisho wake. Kama haki ya papa ya kuishi imejengwa juu ya upole wake, basi siku akiuma haki imekwisha. Na siku hiyo huja. Kisiwa cha Réunion, hapa hapa kwenye Bahari ya Hindi, kati ya mwaka 2011 na 2019 kilipoteza watu zaidi ya 10 kwa papa, wengi wao vijana wa kuteleza juu ya mawimbi. Mwaka 2013 kuogelea na kuteleza kukapigwa marufuku isipokuwa mahali pachache palipolindwa, na papa wakaanza kuwindwa. Utamwambia nini mama aliyempoteza mwanawe pale? Utamsomea wastani wa dunia? Mtetezi aliyeahidi kwamba papa ni mpole ndiye anayemwangusha papa siku hiyo, kwa sababu alimdhamini kwa tabia asiyokuwa nayo.

Peter Benchley, Mmarekani aliyeandika riwaya ya *Jaws* mwaka 1974, ile iliyozaa sinema ya 1975 ambayo ilifukuza watu pwani hata kwenye nchi zisizo na pwani, alitumia miaka mingi ya mwisho wa maisha yake akiwatetea papa, na akasema wazi kwamba kwa aliyoyajua baadaye asingeweza kuiandika tena riwaya ile. Namheshimu kwa hilo. Waandishi wachache hurudi kumlipia mhusika wao. Lakini tazama jinsi dunia ilivyoyapokea mafunzo hayo: jana papa alikuwa shetani, leo ni kondoo. Katika hadithi zote mbili swali ni lile lile, yaani ananifanyia nini *mimi*.

Kuna mtu mmoja aliyelifikia jambo hili kwa njia ambayo hakuna anayeitamani. Val Plumwood, mwanafalsafa wa Australia, Februari mwaka 1985 alikuwa peke yake kwenye mtumbwi mdogo katika mbuga ya Kakadu, mamba akamvamia, akamburuta na kumzungusha chini ya maji mara tatu. Alinusurika kwa kupanda ukingo wa matope na kutambaa. Baadaye askari wa mbuga walipozungumza habari ya kurudi kuua mamba, akapinga: yeye ndiye aliyeingia kwenye maji ya mamba. Alichokiandika kuhusu siku ile hakikuwa habari ya ushujaa. Alisema kwamba maisha yake yote alikuwa amejiona yuko nje ya mambo haya, mtazamaji wa dunia, na ghafla akajikuta yu ndani yake, kitoweo kama vitoweo vingine. Na akaona kwamba dunia ile ambamo yeye ni kitoweo haikuwa dunia mbaya wala ya uonevu. Ilikuwa tu haikupangwa kwa ajili yake.

Mtu atasema, hiyo ni anasa ya msomi aliyeponea hospitali. Nami nilifikiri hivyo. Lakini Nahodha hana anasa yoyote na amesema lile lile, kwa maneno machache zaidi. Na hii ndiyo maana nimekuja kuamini kwamba papa anastahili kuachwa aishi pasipo kutafutiwa sifa ya upole wala ya mapato. Alikuwepo. Jamaa zake wamekuwa baharini zaidi ya miaka milioni 400, kabla ya miti mikubwa kusimama nchi kavu, na hakuna hata siku moja ya muda huo aliyokuwa akitungojea sisi tuje tumpe maana. Kama haki ni kitu cha kweli, haiwezi kuwa zawadi kwa wale tu wanaotupendeza.

(Nimetaja sifa. Wazee wa pwani watanielewa: sifa ni pia yale mafuta ya ini la papa yanayopakwa mbao za mashua na majahazi zisioze. Sitaki kulazimisha uhusiano kati ya maneno haya mawili, ila nilipokuwa nimekaa kwenye chombo kinachonuka sifa, nikitafsiri sifa za papa, nilicheka peke yangu.)

Lakini hapo ndipo ugumu unapoanza, si unapoishia. Maana ukishasema papa ana haki bila kujali faida yake, umeifuta hoja ya fedha, na kwa kuifuta umefuta kitu pekee ulichokuwa nacho cha kumpa mwenye jarife. Haki ya papa inamgharimu mtu. Swali ni nani.

Mwalimu Nyerere alilijua hili na hakujificha. Mwaka 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, alitoa tamko Arusha la kuahidi kuwalinda wanyama wa porini, kwa ajili ya wajukuu na kwa ajili ya riziki ya nchi. Na inasimuliwa kwamba yeye binafsi alikiri hana hamu ya kutumia likizo yake akitazama mamba, ila anajua wageni wanapenda, nao watalipa. Napenda ukweli ule kuliko mahubiri mengi. Hata hivyo ukweli ule una mlango wa nyuma: nchi ikilipwa si lazima aliyeacha kuwinda awe amelipwa. Nchi ni kubwa, na mfuko wake una matundu yanayojulikana.

Tazama sasa mizani ya Mafia. Hifadhi ya Bahari ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake Tanzania, kilomita za mraba 822, na ndani yake vijiji vya watu walio hai, si mapambo. Mimi na wenzangu tunashuka na mitungi, tunamwona papa mmoja, tunalia. Nahodha anapita juu yetu na chombo chake, amehesabiwa macho ya nyavu. Sote wawili tunamtaka papa. Mmoja anataka kumwona, mwingine anataka kumla au kumuuza ili ale kingine. Kwa nini haja ya kuona iwe ya kistaarabu, na haja ya kula iwe uharibifu? Nilimuuliza mtaalamu wetu swali hili tukiosha vifaa. Akafikiri, akasema, kwa sababu ukimwona anabaki. Ni jibu zuri na ni la kweli, na sikupata la kulipinga. Lakini kuona kwetu nako kuna ndege iliyotuleta, na mafuta ya boti, na saruji ya hoteli. Hakuna anayekaa kwenye meza hii na mikono mitupu.

Wala sisemi Nahodha aachwe avue atakavyo, na yeye hasemi hivyo. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba ujanani mwake wakitandika jarife usiku, asubuhi chombo kinarudi kimelala ubavu kwa uzito, na sasa wanaweza kutandika usiku tano wakarudi na taa wawili. Sayansi inamuunga mkono: utafiti wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba papa na taa wa bahari kuu wamepungua duniani kwa asilimia 71 tangu mwaka 1970. Papa si dagaa. Dagaa mmoja hutaga mayai kwa maelfu. Yule papa wa ncha nyeusi niliyemwona huzaa watoto wawili hadi watano kwa uzazi mmoja, baada ya kubeba mimba miezi mingi kama binadamu. Ukivua kama dagaa kitu kinachozaa kama mtu, hesabu inajimaliza yenyewe. Nahodha hesabu hiyo anaijua bila karatasi. Anachosema ni kwamba hajaona bado daftari ambalo jina lake limeandikwa upande wa kupokea.

Mahali pengine daftari hilo lipo. Fiji, kwenye hifadhi ya Shark Reef iliyoanzishwa mwaka 2004, vijiji vyenye haki ya kuvua pale viliacha kuvua, na kila mpiga mbizi anayeshuka hulipa tozo inayokwenda kwenye vijiji hivyo. Si serikalini kwanza, si hotelini kwanza. Sisemi kule ni peponi; papa wa kule hulishwa ili wageni wawaone, na hilo lina ubishi wake, tena mkubwa. Lakini angalau anayesema "nataka papa aishi" anatoa, na anayeacha nyavu anapokea, na wote wawili wanajua kiasi gani.

Wiki zetu mbili za mwisho tulihamia upande wa Kilindoni, kwa potwe. Huyu ni papa kwa jina na kwa ukoo, samaki mkubwa kuliko wote duniani, anaweza kupita mita 12, na chakula chake ni uduvi na vitu vidogo vidogo vielavyo. Hapa hatukuhitaji mitungi, unaruka tu na miwani unaogelea pembeni yake huku unahema kama umefukuzwa na mgambo. Kazi ilikuwa kupiga picha madoa ya ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua, kwa sababu kila potwe ana madoa yake kama sisi tulivyo na alama za vidole. Programu inayolinganisha madoa hayo ilitokana na hesabu za wanajimu za kulinganisha nyota angani. Sikuamini mpaka nilipoona picha: mgongo wa bluu nyeusi, madoa meupe, ni usiku wa Mafia umeme ukikatika.

Wavuvi wa ringi wanamjua potwe tangu zamani. Palipo potwe pana dagaa, kwa hiyo wanatupa nyavu karibu naye, mara nyingine wanamzungushia yeye mwenyewe, halafu wanashusha nyavu atoke. Niliona mara moja. Kijana mmoja aliruka majini akamsukuma kwa miguu miwili, kama mtu anayesukuma daladala iliyozimika, huku anamtukana. Mnyama akatoka bila haraka. Hakuna aliyelia, hakuna aliyepiga picha, hakuna aliyemwita rafiki. Nyavu zikavutwa, dagaa wakapanda. Kama kungekuwa na mtu wa kuniuliza kujitolea ni nini, ningemwonyesha yule kijana, ambaye pengine angenitukana na mimi.

Siku ya kuondoka nilikwenda kumuaga Nahodha. Alikuwa anashona jarife. Nikamwambia shikamoo, akaniitikia, akaniuliza kama nimewaona papa niliokuja kuwaona. Nikamwambia nimemwona mmoja. "Mkubwa?" Nikamwonyesha kwa mikono. "Huyo mtoto," akasema. Kisha akaniuliza kama wageni wakirudi kwao watasema nini juu yake. Nikamwambia ukweli kwamba sijasikia wakimtaja, wanamtaja papa. Akakata uzi kwa meno. "Haya. Wasalimie papa."

Dar nilikuta mama anataka kupika mchuzi wa papa wa nazi, kile chakula ambacho nyumbani kwetu ndicho kinachosema mtu amerudi. Nikaenda Feri asubuhi na mapema. Papa walikuwepo, wamepangwa juu ya meza kwa mafungu, wengi wao si warefu kuliko mkono wangu, ngozi bado laini. Muuzaji akaniita mpenzi mteja, akanigeuzia mmoja tumbo juu ili nione hajaoza. Nilisimama pale muda, watu wananisukuma, mwisho nikanunua pweza.

Nyumbani mama alifungua mfuko, akatazama, akanitazama. Nikamweleza yote, jarife na mwembe na kidole na usiku tano bila kitu, mpaka nazi ikawa imeshakunwa. Alisikiliza vizuri, kama anavyosikiliza taarifa ya habari. Halafu akauliza, "Na huyo Nahodha mmemlipa?"

Nikamwambia bado.